Diazepamu, alprazolamu, klonazepamu au lorazepamu: tofauti zake kwa mtu mwenye wasiwasi

Mtu anafika kaunta, anasubiri wateja wengine waondoke, kisha anashusha sauti: "Dokta, zile za kutuliza moyo mnazo? Nipe iliyo kali kuliko zote." Nimefanya kazi ya famasia miaka 14 na maneno hayo nimeyasikia kwa wanaume na wanawake, kwa vijana waliokosa usingizi kabla ya mtihani na kwa wajane. Simlaumu hata mmoja. Jakamoyo likimshika mtu usiku, kifua kikabana, viganja vikalowa jasho, akaona kabisa kwamba anakufa, anachotaka ni kitu cha kulizima sasa hivi.

Ila swali la ukali halimsaidii. Dawa hizi zote zinaweza kuwa kali, ni suala la miligramu tu. Zinapoachana ni kwenye mambo matatu: inaanza kazi upesi kiasi gani, inakaa mwilini muda gani, na siku ya kuiacha itakusumbua vipi. Hilo la tatu karibu hakuna anayeniuliza, na ndilo lililonifanya niandike.

Ndugu wa tumbo moja

Zote zinaitwa benzodiazepini. Ndani ya ubongo kuna kemikali inayoitwa GABA, kazi yake ni kuzinyamazisha seli za neva zinapochachamaa. Dawa hizi haziongezi GABA. Zinaifanya ile iliyopo ifanye kazi kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana kidonge kimoja kinatuliza moyo, kinaleta usingizi, kinalegeza misuli na kinazuia degedege, vyote kwa pamoja. Na ndiyo maana ubongo unazoea. Ukiupa kila siku kwa wiki kadhaa, nao unapunguza usikivu wake. Ukiuondolea dawa ghafla, wasiwasi unarudi kwa kishindo kuliko ulivyokuwa mwanzo, usingizi unapotea, mikono inatetemeka, na wengine wanaanguka degedege ilhali hawajawahi kuugua kifafa maishani mwao.

Kwa sababu hiyo lazima niseme mapema: hakuna hata moja kati ya hizi nne ambayo leo inahesabiwa kuwa tiba ya wasiwasi wa kudumu. Uingereza ilitoa tahadhari tangu 1988 kwamba zisitumike zaidi ya wiki 2 hadi 4. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2023, limekaza zaidi: kwa wasiwasi wa muda mrefu na kwa hofu zinazomvamia mtu ghafla, zisitumike, zibaki kwa dharura ya wasiwasi mkali, na hapo ni siku 3 hadi 7. Kwa hiyo ninapolinganisha, nalinganisha dawa za kumvusha mtu kwenye siku mbaya. Anayetafuta cha kumeza mwaka mzima, sehemu yake iko mbele kidogo.

Diazepamu

Hii ndiyo Valium. Mkemia Leo Sternbach na wenzake wa kampuni ya Roche, huko New Jersey, Marekani, walianza na klodiazepoksidi iliyoingia sokoni 1960, kisha 1963 wakatoa Valium, na kwa miaka mingi hakukuwa na dawa iliyouzwa kuishinda Marekani. Kwetu ndiyo inayopatikana hata zahanati ya kijijini, kwa sababu mbili za kawaida kabisa: ni rahisi kwa bei, na sindano yake haihitaji friji kama ile ya lorazepamu. Vidonge vyake vipo vya miligramu 2, 5 na 10.

Inaanza kazi upesi, kwa wengi ndani ya saa moja, kwa kuwa inapenda mafuta na ubongo una mafuta mengi. Kutoka ndiko kwa taabu. Diazepamu yenyewe inahitaji kama saa 20 hadi 50 ili ipungue nusu. Juu ya hapo ini linaigeuza kuwa kemikali nyingine inayofanya kazi ileile, na hiyo inaweza kuchukua siku kadhaa kupungua nusu. Kwa mzee, zaidi ya wiki. Maana yake kidonge cha Jumatatu bado kipo Alhamisi, na kinakutana na cha Jumanne na cha Jumatano.

Kuna bibi mmoja wa mtaani kwetu aliyefiwa na mumewe, akaandikiwa diazepamu ya miligramu 5 kila usiku. Nilipomwamkia wiki ya kwanza, "Shikamoo bibi," aliitikia vizuri tu na akaniambia analala. Wiki ya tatu binti yake alikuja mbio kuniambia mama ameanguka alfajiri akienda chooni, na kwamba siku hizi anaongea kama mlevi, anasahau kama amekwishaswali. Dozi haikuwa imeongezwa hata kidogo. Ilikuwa imejirundika. Kitu kimoja kilichowasaidia ni kwamba binti alikuwa na karatasi yenye jina la dawa na tarehe iliyoanza, tukaweza kumweleza daktari bila kubahatisha. Orodha ya Chama cha Madaktari wa Wazee cha Marekani, ile wanayoiita vigezo vya Beers, inashauri wazee waepushwe na dawa zote za ukoo huu kwa sababu ya kuanguka, kuvunjika nyonga na kuchanganyikiwa. Kwa mtu wa miaka 70 mimi diazepamu ningeiweka ya mwisho.

Lakini kukaa huko kunakomwangusha bibi ndiko kunakomsaidia mtu anayetaka kuacha. Kwa kuwa inapungua polepole yenyewe, mwili haushtuki. Nitairudia hii.

Alprazolamu na klonazepamu, bega kwa bega

Hizi mbili naziweka pamoja kwa sababu ndizo zinazoandikwa sana mijini kwa watu wanaovamiwa na hofu ya ghafla, na kwa sababu zinafanana kwa nguvu lakini zinaachana vibaya sana kwa muda.

Alprazolamu, yaani Xanax, iliidhinishwa Marekani 1981. Inafika kileleni ndani ya saa 1 hadi 2 na inapungua nusu kwa kama saa 11. Mgonjwa anaipenda kwa sababu anaihisi inapoingia. Tatizo ni kwamba anaihisi pia inapotoka. Anayemeza asubuhi, ikifika alasiri moyo unaanza kudunda tena, naye anadhani ugonjwa wake umezidi. Mara nyingi si ugonjwa. Ni dozi iliyokwisha. Anaongeza kidonge cha mchana, kisha cha jioni, na hapo ndipo watu wengi wanaponaswa bila kukusudia. Kati ya zote nne, hii ndiyo ninayoiona inawapa watu arosto mbaya zaidi.

Klonazepamu, yaani Rivotril, kimsingi ni dawa ya kifafa, na Marekani imeidhinishwa pia kwa hofu za ghafla. Haina pupa: inachukua saa 1 hadi 4 kufika kileleni, na inapungua nusu kwa kama saa 30 hadi 40. Mtu hapandi na kushuka mara tatu kwa siku. Ukiniuliza kati ya hizi mbili kwa mtu ambaye daktari ameona lazima atumie kila siku kwa wiki mbili, ningechagua klonazepamu bila kusita. Ukiniuliza kwa mtu anayehitaji kidonge kimoja tu, mara moja, jibu linabadilika, kwa sababu klonazepamu itamlaza hadi kesho yake, na kama ni dereva au bodaboda hiyo ni hatari kwake na kwa abiria wake.

Lorazepamu

Ativan. Inapungua nusu kwa saa 10 hadi 20, na haiachi mabaki yanayofanya kazi. Njia yake ya kutoka ni tofauti: ini linaifunga na sukari fulani na figo zinaitoa, bila kupitia vimeng'enya ambavyo ugonjwa na dawa nyingine huvivuruga. Kwa hiyo mwenye ini lililochoka, au mzee ambaye kweli hana budi, daktari akichagua ndani ya ukoo huu mara nyingi huishia hapa. Mama anayenyonyesha pia, kama hakuna namna nyingine, lorazepamu kwa dozi ndogo ni afadhali kuliko diazepamu, ambayo hujirundika na kumfanya mtoto alale sana na anyonye kwa uvivu.

Kasoro yake ni kumbukumbu. Mtu anaweza kuzungumza nawe dakika 20 na kesho asikumbuke chochote. Kwa anayesubiri upasuaji hiyo ni neema. Kwa mwanafunzi anayesoma ni hasara tupu. Na kuiacha, baada ya wiki nyingi, ni kugumu karibu kama alprazolamu.

Nyingine nazipitia haraka. Bromazepamu iko katikati, na utaikuta zaidi kwa madaktari wanaofuata mtindo wa Ufaransa. Klodiazepoksidi siku hizi kazi yake kubwa ni kumtoa mtu kwenye pombe. Midazolamu ni ya hospitali. Flunitrazepamu, ambayo Mombasa vijana waliiita bugizi, isiwe kwenye mazungumzo ya wasiwasi kabisa.

Tarakimu za kwenye kidonge

Kosa ninaloliona sana ni hili: mtu ana kidonge kimeandikwa 0.5, anakiona kidogo, anameza viwili. Profesa Heather Ashton, aliyeendesha kliniki ya kuwaachisha watu dawa hizi huko Newcastle, Uingereza, kuanzia 1982 hadi 1994, aliandaa jedwali la ulinganisho ambalo linatumika mpaka leo. Kwa jedwali hilo, diazepamu miligramu 10 ni sawa na lorazepamu 1, na ni sawa na alprazolamu au klonazepamu 0.5. Sasa chukua kidonge cha klonazepamu cha miligramu 2, kile ambacho jirani mwenye mtoto wa kifafa anaweza kukuazima kwa nia njema. Kwa hesabu hiyo ni kama umemeza vidonge 8 vya diazepamu ya miligramu 5 kwa mpigo.

Majedwali mengine yanatofautiana kidogo na la Ashton, na miili nayo inatofautiana, kwa hiyo hesabu hii si ya mtu kujibadilishia dawa nyumbani. Naitaja ili usidanganywe na udogo wa tarakimu.

Ukiwa na dawa au ugonjwa mwingine

Hapa ndipo uchaguzi mara nyingi unajiamua wenyewe.

Pombe na dawa za maumivu za jamii ya afyuni, ambamo tramadoli, kodeini na methadoni zimo, hazichanganywi na benzodiazepini yoyote. Kila moja peke yake inapunguza pumzi; zikikutana, mtu anakoroma, anapoa, anakufa usingizini. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo lake zito zaidi juu ya hilo 2016, na 2020 ikaongeza onyo jingine juu ya uraibu. Hospitali wanayo flumazenili ya kuirudisha nyuma benzodiazepini, lakini inatakiwa uangalifu mkubwa: kwa aliyezoea dawa inaweza yenyewe kuleta degedege. Anayekoroma na kukatika pumzi usingizini, au mwenye mapafu mabovu, aiseme habari hiyo kabla ya kuandikiwa.

Anayetumia dawa za VVU zenye ritonavir, au anayemeza ketokonazoli au itrakonazoli kwa fangasi, aiepuke alprazolamu. Dawa hizo zinazuia isitoke mwilini, na dozi ndogo inakuwa kubwa. Klarithromisini na erithromisini nazo zimo humo. Omeprazoli ya vidonda vya tumbo inaichelewesha diazepamu. Anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini anakutwa na kinyume chake: diazepamu na alprazolamu zinaondoka upesi, haoni nafuu, anaongeza, siku rifampisini inapokwisha dozi ileile inamwelemea. Lorazepamu inasumbuliwa kidogo zaidi na mambo haya, ingawa rifampisini nayo inaigusa.

Mjamzito asianze wala asiache bila daktari wake kujua, maana mtoto anaweza kuzaliwa amelegea, au akapata arosto.

Na mirungi. Nasema hili kwa upendo, kwa sababu watu wanaona aibu kulitaja. Anayetafuna alasiri nzima, usiku moyo unaenda mbio, anakuja kutafuta diazepamu ya kushukia. Kesho anatafuna tena ili aamke. Huyo hana ugonjwa wa wasiwasi unaohitaji kuchaguliwa dawa kati ya nne. Anahitaji kupunguza mirungi, na daktari atakayemsikiliza bila kumhukumu. Vivyo hivyo moyo unaodunda unaweza kuwa tezi ya shingo iliyochachamaa, upungufu wa damu, au sukari iliyoshuka. Vipimo hivyo ni bora vitangulie kidonge.

Jambo jingine linalotuhusu sisi wa ukanda huu. Kati ya mwishoni mwa 2014 na 2015, mashariki mwa Kongo, huko Ituri, watu walianza kufika vituo vya afya shingo zimepinda na ndimi zimetoka nje, wakadhaniwa wana homa ya uti wa mgongo. Walikuwa wamemeza vidonge vilivyouzwa kama diazepamu, na ndani yake mlikuwa na haloperidoli, dawa nyingine kabisa. Basi usikubali kidonge kilichokatwa kutoka pakiti bila jina, kikafungwa kwenye kipande cha karatasi. Taka uone jina, tarehe ya mwisho na namba ya toleo.

Anayesafiri kwenda Falme za Kiarabu kikazi ajue kwamba dawa hizi huko ni za kudhibitiwa, na kibali cha wizara ya afya yao kinaombwa kwenye mtandao kabla ya kupanda ndege. Cheti cha daktari wa kwetu mfukoni peke yake kisikupe amani.

Kinachotibu wasiwasi wenyewe

Kwa wasiwasi wa miezi, dawa zinazoaminiwa kwanza ni zile zinazotumika pia kwa sonona: sertralini, fluoksetini, esitalopramu. Hazimnasi mtu kama benzodiazepini, ingawa nazo huachwa taratibu. Ubaya wake ni kwamba zinachukua wiki 2 hadi 6 kuonyesha kazi, na wiki ya kwanza zinaweza hata kuongeza wahka. Hapo ndipo baadhi ya madaktari wanampa mgonjwa benzodiazepini kwa siku chache za kumshikilia. Mazungumzo na mshauri aliyefunzwa tiba ya fikra na tabia yana nguvu sawa na dawa kwa watu wengi, na matunda yake yanadumu baada ya vikao kwisha. Kwa anayetetemeka tu mbele ya watu, propranololi kabla ya kusimama jukwaani yaweza kutosha, ila mwenye pumu asiiguse.

Kutoka

Kama tayari umezoea, usiache leo. Narudia, usiache ghafla. Ashton alikuwa akipunguza kama sehemu moja ya kumi kila wiki moja hadi mbili. Mwongozo wa wataalamu wa uraibu wa Marekani wa 2025 unasema asilimia 5 hadi 10 kila wiki 2 hadi 4. Na hapa diazepamu inarudi na sifa yake: mtu aliyenaswa na alprazolamu au lorazepamu, daktari anaweza kumhamishia diazepamu hatua kwa hatua, kwa sababu inashuka taratibu na ina kidonge cha miligramu 2 kinachogawanyika.

Mwalimu mmoja ninayemfahamu alitoka kwenye zahanati ya binafsi na alprazolamu ya mwezi mzima, bila mtu kumwambia ataiacha vipi. Mwezi ukawa miaka miwili. Alipojaribu kuacha mwenyewe hakulala siku nne, akarudi kwenye dawa huku analia. Baadaye alipata daktari wa akili aliyekaa naye chini wakapanga. Ilichukua miezi tisa. Kila Jumapili usiku alikaa mezani na wembe mpya na sahani nyeupe, anakata vya wiki nzima, mkewe anaandika kwenye daftari la shule: tarehe, kiasi, usingizi umekuwaje. Kuna wiki hawakupunguza chochote kwa sababu ya msiba, na daktari akasema sawa. Kidonge cha mwisho, cha diazepamu ya miligramu 2, alikigawa nne. Robo tatu alizimeza usiku mmoja mmoja. Ya nne mkewe aliikuta kwenye sahani baada ya siku tatu, alikuwa ameisahau.